Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Faragha ya Taarifa Binafsi na Jinsi Mitazamo ya Jamii Mbalimbali Inavyobadilika

Taarifa binafsi ni zipi, na faragha yake ina maana gani?

Taarifa binafsi ni taarifa yoyote inayoweza kumtambulisha mtu, ama peke yake ama ikiunganishwa na nyingine: jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, sura, alama za vidole, mahali alipolala jana, dawa anazotumia, fedha alizotuma kwa simu na aliyemtumia. Wengi hudhani kwamba kinachostahili kulindwa ni siri tu, na hapo ndipo mjadala unapopotoka. Namba yako ya simu si siri, kwa kuwa inajulikana na ndugu, mafundi, wateja na majirani. Hata hivyo unayo haki ya kukasirika ukikuta imefika kwa mtu usiyempa, kwa shughuli usiyoijua. Katika majibu yanayofuata, faragha ni ile haki ya mtu kuwa na kauli juu ya nani ajue nini kumhusu, na akitumie kwa lipi.

Je, si kweli kwamba faragha ni jambo la Wazungu, na kwamba sisi tunaoishi kwa undugu na ujirani hatuna haja nayo?

Hapana. Hoja hii hupendwa na wanaotaka kukusanya taarifa za watu bila kuulizwa maswali, na ndiyo maana inafaa kujibiwa kwa kirefu.

Atazamaye nyumba za mawe za Lamu ataona kwamba zilijengwa kwa kupima nani afike wapi. Mgeni wa kawaida aliishia kwenye daka la mlangoni, anayeaminiwa zaidi aliweza kufika kiwandani, yaani kwenye ua wa ndani, na vyumba vya ndani vikabaki vya wenyewe. Mtu hupiga hodi, na asipoitikiwa huondoka, hata kama anajua kwamba wenyeji wamo. Kwa Waislamu jambo hili lina nguvu ya dini, kwa kuwa aya ya 27 ya Surat an-Nur inakataza kuingia nyumba za watu kabla ya kuomba ruhusa, na aya ya 12 ya Surat al-Hujurat inakataza upelelezi. Bara nako, mambo ya uzazi, ugonjwa na mali ya ukoo yalikuwa na watu wake wa kuyazungumza na mahali pake pa kuzungumziwa.

Tofauti ya kweli ipo, lakini si ile inayotajwa. Kwetu, kilichositiriwa zaidi kilikuwa nyumba na ukoo kuliko mtu mmoja mmoja: mjomba aliweza kujua kila kitu kuhusu mpwa wake, lakini jirani hakupaswa kujua kwamba nyumba ile ililala njaa. Kwa mpangilio huo hatukuwa na kanuni ya kumhusu mtu wa aina mpya kabisa, yaani kampuni au idara ambayo si ndugu wala jirani, haionani nasi uso kwa uso, lakini inajua kuliko mjomba na haisahau. Marekani nako hali ilifanana. Mwaka 1890 wanasheria Samuel Warren na Louis Brandeis waliandika makala yao mashuhuri ya kudai haki ya faragha, na kilichowasukuma ni kamera zilizoweza kupiga picha papo hapo pamoja na magazeti ya umbea. Huko pia chombo kipya kilitangulia, na dai la haki likafuata.

Kwa nini Wajerumani huonekana kuwa wakali kupita wengine?

Kwa sababu wameona kwa macho yao kile ambacho orodha inaweza kufanya ikiwa mikononi mwa watawala waovu. Utawala wa Wanazi ulitegemea rejista za wakazi ili kuwapata watu wa kuwaangamiza. Nchini Uholanzi, ambako rejista nzuri zilizoonyesha dini ya kila mkazi zilikuwa zimetunzwa kwa nia njema kabla ya vita, Wayahudi wapatao robo tatu waliuawa, na tarehe 27 Machi 1943 wapiganaji wa upinzani waliichoma ofisi ya rejista ya Amsterdam ili kuziharibu kadi hizo. Baada ya vita, Ujerumani Mashariki ikawa na Stasi, idara ya usalama ambayo majalada yake, yakipangwa kwenye rafu moja, yangepita urefu wa kilomita 100. Tangu mwaka 1992 raia wameruhusiwa kusoma majalada yao, na wako waliogundua humo kwamba aliyekuwa akiwaripoti ni rafiki wa karibu au mtu wa nyumbani mwao.

Jimbo la Hesse, ambalo lilikuwa upande wa Magharibi, lilitunga sheria ya ulinzi wa data mwaka 1970, ya kwanza ya aina hiyo duniani. Serikali ya Ujerumani Magharibi ilipotaka kufanya sensa mwaka 1983, wananchi wengi walitangaza kwamba hawatajaza fomu. Mahakama ya Katiba ilisimamisha zoezi hilo, na tarehe 15 Desemba 1983 ikaamua kwamba kila mtu ana haki ya kuamua mwenyewe juu ya matumizi ya taarifa zake. Sensa ilifanyika mwaka 1987, baada ya kurekebishwa. Miaka mingi baadaye, mwaka 2010, kampuni ya Google ilipopiga picha mitaa ya miji ya Ujerumani, kaya zaidi ya 240,000 ziliomba nyumba zao zifichwe katika picha hizo.

Msomaji wa Afrika Mashariki hana haja ya kwenda Ulaya kutafuta mfano. Utawala wa Wabelgiji nchini Rwanda ulianzisha katika miaka ya 1930 vitambulisho vilivyoandikwa kabila la mwenye nacho, na mwaka 1994 vitambulisho hivyohivyo vilidaiwa kwenye vizuizi vya barabarani ili kuchagua wa kuuawa. Baada ya mauaji ya kimbari, kabila liliondolewa kwenye vitambulisho. Anayeuliza kuna ubaya gani kujaza kipengele kimoja zaidi kwenye fomu ya serikali anastahili kujibiwa kwa historia hiyo kabla ya jibu lolote lingine.

Ikiwa Ulaya inajali faragha kiasi hicho, mbona Skandinavia huweka mapato ya watu hadharani?

Swali zuri, kwa sababu linaonyesha kwamba hata ndani ya Ulaya hakuna mstari mmoja. Sweden imekuwa na sheria ya uwazi wa nyaraka za umma tangu mwaka 1766, na mtu yeyote anaweza kuiuliza mamlaka ya kodi kuhusu mapato yaliyotozwa kodi ya mtu mwingine. Norway nayo huchapisha mapato, utajiri na kodi ya kila mlipakodi. Huko inaaminika kwamba kodi ni mkataba wa watu wote, na kwamba anayekwepa huwaibia majirani zake.

Lakini mtazamo umesogea huko pia. Tangu mwaka 2014 mtu wa Norway anayetafuta mapato ya mwenzake lazima ajitambulishe, na aliyetafutwa anaweza kuona ni nani aliyemtafuta. Taarifa zenyewe zilibaki wazi kama zilivyokuwa, lakini utafutaji ulipungua sana. Mabadiliko hayo madogo yanafundisha kuliko hotuba nyingi. Watu walikuwa tayari kuonekana, mradi anayewatazama naye aonekane.

Watu maskini wana mahitaji makubwa zaidi. Je, faragha si anasa ya wenye nacho?

Swali hili liliulizwa India mbele ya Mahakama ya Juu, na jibu lililotolewa lina uzito kwa nchi zetu zote. Mwaka 2009 India ilianza mpango wa Aadhaar, wa kumpa kila mkazi namba ya tarakimu 12 inayofungamana na alama za vidole na mboni za macho, na walioandikishwa wamepita bilioni moja. Mwaka 2012 jaji mstaafu K. S. Puttaswamy alifungua kesi kuupinga. Mwaka 2015 mwanasheria mkuu wa serikali alidai mahakamani kwamba katiba ya India haimhakikishii raia haki ya faragha. Tarehe 24 Agosti 2017 majaji tisa kwa kauli moja waliamua kwamba inamhakikishia, na hoja kwamba faragha ni jambo la matabaka ya juu ikakataliwa waziwazi.

Walioathirika kwanza hawakuwa matajiri. Vibarua na wazee ambao alama za vidole zao zilikuwa zimechakazwa na kazi za mikono walishindwa kutambuliwa na mashine katika maduka ya chakula cha ruzuku. Tajiri ambaye mashine haikumtambua aliudhika, lakini kwa maskini kukataliwa na mashine kulimaanisha kurudi nyumbani bila mchele. Katika uamuzi wa Septemba 2018 mahakama iliruhusu Aadhaar itumike kwa ruzuku za serikali, lakini ikazuia kampuni binafsi kuidai, na mwaka 2023 bunge likapitisha sheria ya ulinzi wa data. Kwa maoni yangu, hakuna nchi ambayo mjadala wake unafanana na wetu kuliko India, kwa ukubwa wa mahitaji ya watu na kwa haraka ya serikali kuwasajili.

Je, Wachina hawajali kabisa, kama inavyosemwa?

Mwaka 2018 mkuu wa Baidu, kampuni ya China ya kutafutia taarifa mtandaoni, Robin Li, alisema hadharani kwamba Wachina wako tayari kutoa faragha ili wapate urahisi na wepesi wa huduma. Watumiaji wa mitandao nchini mwake walimjia juu kwa hasira. Mwaka 2019 mhadhiri mmoja aliishtaki hifadhi ya wanyamapori ya mjini Hangzhou iliyotaka kumtambua kwa sura kila anapoingia, ilhali alikuwa amelipia tiketi ya mwaka kwa masharti mengine. Mahakama iliamuru picha za uso wake zifutwe. Tarehe 1 Novemba 2021 China ilianza kutumia sheria yake ya ulinzi wa taarifa binafsi, na sheria hiyo inazibana kampuni kwa nguvu. Dola yenyewe imebaki na nafasi pana ya kuwafuatilia raia, na ni makosa kuchukulia ukimya wa raia mbele ya dola kuwa ni ridhaa.

Ni nini kilichobadilisha mitazamo ya watu Kenya na Tanzania?

Sheria zimechangia, lakini mwalimu mkubwa amekuwa madhara yaliyowafika watu wenyewe.

Kwa muda mrefu, kutoa taarifa kulionekana kuwa sehemu ya kawaida ya kupata huduma. Wakala wa fedha aliandika jina na namba kwenye daftari lililokaa wazi mezani, na mlinzi wa getini alidai kitambulisho kabla ya kumpandisha mgeni ofisini. (Daftari la getini bado lipo katika majengo mengi, na sijaona mamlaka yoyote ikilishughulikia kwa uzito unaostahili: kurasa zake zina majina, namba za vitambulisho na namba za simu za mamia ya watu, na yeyote anayepita anaweza kuzipiga picha.) Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole nchini Tanzania, ambao mwisho wake ulikuwa tarehe 20 Januari 2020, ulizua malalamiko, lakini zaidi yalihusu foleni za vitambulisho vya taifa na hofu ya kufungiwa laini kuliko swali la alama hizo zitatunzwa wapi na nani.

Nchini Kenya mjadala ulipamba moto mwaka 2019 kwa Huduma Namba, mpango wa kumpa kila mkazi namba moja ya utambulisho. Serikali ilianza kusajili wananchi kabla ya sheria ya ulinzi wa data kuwapo, na sheria yenyewe ilitiwa saini Novemba mwaka huo. Wanubi wa Kenya, ambao kwa vizazi wamepata tabu kupewa vitambulisho, walikuwa mstari wa mbele mahakamani pamoja na taasisi za haki za binadamu. Wao walijua vizuri kuliko wengine maana ya kuachwa nje ya daftari la serikali. Januari 2020 Mahakama Kuu ilizuia ukusanyaji wa vinasaba na wa mahali hasa mtu anapoishi kwa kutumia setilaiti, ikataka pia kanuni kamili ziwepo kabla ya kuendelea. Oktoba 2021 mahakama iliamua kwamba utoaji wa kadi ulikuwa batili kwa kuwa tathmini ya athari kwa data haikufanywa. Miezi michache kabla, Juni 2021, Wakenya wengi walioingia kwenye mfumo wa serikali mtandaoni waligundua kwamba wameandikishwa kuwa wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Watu ambao hawakuwa wamefuatilia kesi yoyote walielewa siku hiyo kwamba namba ya kitambulisho iliyoachwa mahali inaweza kufanya kazi ambayo mwenyewe hakuituma.

Kilichowagusa watu wengi zaidi, pande zote mbili za mpaka, ni programu za mikopo ya simu. Mkopaji aliombwa kuiruhusu programu isome orodha ya majina kwenye simu yake, na kwa kuwa alihitaji fedha za dawa au karo siku hiyohiyo, aliruhusu. Alipochelewa kulipa, ujumbe ulitumwa kwa mwajiri, kwa mama mkwe, kwa kiongozi wa kanisa au wa msikiti, kwa mteja wa zamani, ukimtaja kuwa ni mdaiwa anayekimbia. Katika jamii inayothamini kusitiriana, adhabu hiyo ilizidi deni kwa mbali. Ukatili wake uko hapa: mkopeshaji aliujua vizuri utamaduni wetu wa aibu, akaugeuza kuwa chombo cha kukusanyia madeni. Na walioandikiwa ujumbe nao walishtuka, kwani hawakukopa, hawakuridhia chochote, lakini namba zao zilikuwa mikononi mwa mkopeshaji.

Hatua zilifuata. Benki Kuu ya Kenya ilitoa kanuni za wakopeshaji wa kidijiti mwaka 2022. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya alitangaza faini tatu kwa pamoja: shilingi 2,975,000 kwa mkopeshaji, shilingi 1,850,000 kwa ukumbi wa starehe uliochapisha picha ya mteja bila ridhaa, na shilingi 4,550,000 kwa shule iliyochapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Tanzania ilianza kutumia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tarehe 1 Mei 2023, Tume yake ikazinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024, na Novemba mwaka huo Benki Kuu ya Tanzania ikataja programu na majukwaa 69 ya mikopo yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni.

Ikiwa watu wanajali, mbona hubonyeza “Nakubali” bila kusoma?

Kwa sababu mara nyingi hawajaulizwa swali la kweli. Masharti huandikwa kwa lugha ambayo mwenye simu haielewi, kwa urefu ambao hakuna mwenye kazi zake anayeweza kuusoma, na akikataa hunyimwa huduma yote. Ridhaa ya namna hiyo ina saini bila kuwa na hiari.

Udhaifu wa binadamu nao upo. Watafiti waliofanya jaribio katika chuo cha MIT waligundua kwamba wanafunzi waliokuwa wamesema wanajali faragha walitoa barua pepe za marafiki zao kwa sababu ya kuahidiwa piza. Lakini mambo hubadilika swali likiulizwa wazi. Aprili 2021 kampuni ya Apple ilianza kuzilazimisha programu zimuulize mtumiaji, kwa sentensi fupi, kama anakubali kufuatiliwa anapotumia programu na tovuti nyingine. Wengi walikataa, kiasi kwamba mwanzoni mwa mwaka 2022 kampuni ya Meta, inayomiliki Facebook, ilisema hatua hiyo ingeipunguzia mapato kwa takriban dola bilioni 10 mwaka huo.

Kwa kipimo hicho ndivyo inavyofaa kutazamwa foleni ya Nairobi ya mwaka 2023, ambapo maelfu ya watu walipanga mstari ili mboni za macho yao zipigwe picha na mradi wa Worldcoin, kwa malipo ya sarafu za kidijiti zilizokuwa na thamani ya takriban shilingi 7,000 za Kenya. Walikuwapo waliosema kwamba foleni ile ilithibitisha Wakenya hawajali. Mimi nasema ilithibitisha kwamba shilingi 7,000 ni fedha nyingi kwa mtu asiye na ajira, na kwamba aliyeziweka mezani alilijua hilo. Serikali ilisimamisha zoezi hilo Agosti 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa hizo zifutwe.

Je, janga la korona lilibadilisha chochote?

Lilionyesha kwamba watu hukubali kutoa mengi wakiamini kwamba lengo ni moja na lina mwisho. Raia wa Singapore walitumia kwa wingi programu ya TraceTogether ya kufuatilia maambukizi. Januari 2021 serikali ilipokiri kwamba polisi wanaweza kuzitumia data hizo katika upelelezi wa jinai, wananchi walikasirika, na mwezi uliofuata ikapitishwa sheria ya kubana matumizi hayo kwa makosa makubwa tu. Hii ni nchi ambayo raia wake huiamini serikali kwa kiwango cha juu. Kilichowaudhi hakikuwa ukusanyaji wenyewe, bali kubadilishiwa lengo baada ya kutoa.

Je, sheria ya Ulaya ndiyo inayobadilisha mitazamo ya nchi nyingine?

Kwa kiasi fulani. Kanuni ya jumla ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa data (GDPR) iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018 inaruhusu faini ya hadi asilimia 4 ya mapato ya dunia nzima ya kampuni, na mwaka 2023 Meta ilitozwa euro bilioni 1.2. Sheria za Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania, na ile ya Oman ya mwaka 2022 inayowahusu Waswahili wengi waishio Muscat, zimechukua mengi kutoka huko. Mkataba wa Umoja wa Afrika wa usalama wa mtandao na ulinzi wa taarifa binafsi, uliopitishwa Malabo nchini Guinea ya Ikweta mwaka 2014, ulichukua miaka tisa kupata idhini za kutosha, ukaanza kuwa na nguvu Juni 2023. Kuazima sheria si aibu. Tatizo ni kuazima maneno bila kuazima bajeti, wakaguzi na ujasiri wa kuziadhibu taasisi za serikali kama zinavyoadhibiwa shule na baa.

Nifanye nini taarifa zangu zikitumiwa vibaya?

Kabla ya kufuta chochote, hifadhi ujumbe, picha za skrini, tarehe na namba zilizotumika. Kisha iandikie taasisi husika, ukitaja taarifa ipi wanayo, waliipata wapi, na unataka ifanyweje: isahihishwe, isitumike tena au ifutwe. Wasipojibu au wakijibu kwa dharau, peleka malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ukiwa Tanzania, au kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ukiwa Kenya, ambako sheria inataka malalamiko yachunguzwe na kuhitimishwa ndani ya siku 90. Aishiye katika nchi ya Umoja wa Ulaya anastahili kujibiwa na taasisi ndani ya mwezi mmoja, bila malipo, ingawa muda huo unaweza kuongezwa kwa maombi magumu. Huhitaji wakili ili kuanza, na huhitaji kuwa umepata hasara ya fedha. Kutumiwa kwa picha ya mtoto wako bila idhini yako kunatosha.